Sirene Ililia, Nikatafuta Viatu

Kolwezi, watu wengi huzaliwa katika sentensi ya kwanza, kisha huanza kuishi kwenye ukurasa wa tatu.

Mwenye maneno hayo ni mwalimu mstaafu wa sekondari, mtoto wa Kapata, mmojawapo wa miji ya wafanyakazi iliyojengwa pembeni mwa Kolwezi, mji wa migodi wa kusini mwa Kongo, enzi za kampuni kubwa ya migodi. Mtaani kwake wanamwita Mwalimu tu, na humu pia atabaki Mwalimu. Tangu alipoacha chaki amekuwa akisoma kumbukumbu za watu: wastaafu wa migodini, wajane, vijana waliotoka mashimoni wakarudi darasani. Wanamletea daftari za shule, karatasi zilizoandikwa nyuma ya ankara za umeme, hata sauti ndefu za WhatsApp ambazo binti yake hukaa akiziandika. Karibu zote, asema, zina mwanzo mmoja: nilizaliwa tarehe fulani, katika hospitali ya kampuni, mtoto wa tatu kati ya tisa, baba yangu ni fulani, asili yetu ni teritwari ya Sandoa, sekta fulani, kijiji fulani.

Hakuna uongo humo. Hakuna msomaji pia.

Mazoea hayo hayakuota yenyewe. Kadi za utambulisho za Kongo humwandika mtu kwa asili yake: jimbo, teritwari, sekta. Na katika miji ya wafanyakazi kulikuwa na jambo lililozidi hapo, nalo ni matrikule, namba ya mfanyakazi. Kwa namba hiyo familia ilitibiwa, watoto waliandikishwa shuleni, mama akapanga foleni ya posho, yaani mgawo wa unga na vyakula vingine. Wapo watu wazima wa Kapata na Luilu ambao hawajui kwa moyo namba za simu za watoto wao, lakini matrikule ya marehemu baba wanaitamka bila kuvuta pumzi. Mtu aliyelelewa hivyo akishika kalamu humwandikia karani. Na karani akishamtambua mtu hufunga faili. Msomaji ni kinyume chake: akishamtambua mtu, ndipo anapotaka kujua yaliyompata.

Mianzo mingine ya kuazima nayo ipo. Kanisani, mwenye ushuhuda husimama, husalimu, hushukuru, na kila aliyeketi anaujua mwisho kabla hajafika nusu: mgonjwa alipona, deni lililipwa. Ushuhuda una haki hiyo, kwani kazi yake ni kushukuru. Lakini kumbukumbu inayofungua kwa kutangaza kwamba Mungu alimtoa mtu shimoni imeshamtoa kabla hajaingia. Wengine hukimbilia kwa wahenga. “Wahenga hawakukosea waliponena,” huanza hivyo, kisha methali, na methali hiyo ingeweza kukaa juu ya maisha ya mtu yeyote kuanzia Lamu hadi Dilolo. Tena vijana, kwa kuwa simu zimewaletea insha za Kenya na Tanzania, wamejifunza alfajiri: majogoo wanawika, jua linachomoza kwa madaha, umande unameremeta kwenye majani. Mwalimu huwauliza kwa upole jogoo huyo ni wa nani. Miji ya wafanyakazi haikuamshwa na jogoo. Iliamshwa na sirene.

Msimulizi wa mdomo hakuwa na shida hii. Pwani huita “Hadithi, hadithi!” na watoto humwitikia “Hadithi njoo!”, au hupiga paukwa akajibiwa pakawa. Kabla hajasema lolote ameshapewa ruhusa na waliomzunguka, na anayetaka kulala ameshajulikana. Kwenye karatasi hakuna anayeitikia. Sentensi ya kwanza inalazimika kubisha hodi na kujikaribisha yenyewe, na ndiyo sababu Mwalimu huipa muda mwingi kuliko kurasa zote zinazofuata. Wanaomjia hushangaa. Wamekuja na maisha mazima, yeye anakaa nao mchana kutwa kwenye mistari miwili.

Mfano anaopenda kuutoa ni wa mzee mmoja aliyefanya kazi kiwandani tangu ujana. Mzee alileta rundo la karatasi lililofungwa kwa mpira. Ukurasa wa kwanza, kuzaliwa. Wa pili, shule ya misheni. Wa tatu, safari ya treni kuja Kolwezi, kuajiriwa, kupewa nyumba. Wa nne, ndoa. Mwalimu alisoma kalamu ya risasi ikiwa mkononi, bila kuweka alama yoyote. Kwenye ukurasa wa sita mzee alikuwa akieleza siku aliyolipwa fedha za kuachia kazi. Alizitia katika mfuko mweusi wa plastiki, mfuko akauzamisha ndani ya gunia la unga ili majirani wasijue, akaenda nao nyumbani. Mkewe alizimwaga kitandani, akahesabu, akahesabu tena, wakazilalia. Alfajiri sirene ya zamu ikalia. Mzee akaamka, akavaa suruali ya kazi, akawa anapapasa chini ya kitanda akitafuta viatu, mpaka mkewe alipomwuliza gizani, “Papa, unaenda wapi?”

Habari yote hiyo ilikuwa mistari minne. Mstari wa tano ulihamia kwenye bei ya mbolea.

“Papa, hapa ndipo nilipoketi vizuri,” Mwalimu akamwambia, akizungushia duara.

“Hapo? Hapo ni mambo ya nyumbani tu, Mwalimu. Mukubwa akisoma atasema nini?”

“Mukubwa gani?”

Mzee akacheka, maana mukubwa wake alikuwa amestaafu kabla yake. Lakini swali lake lilikuwa la kweli, na Mwalimu hulisikia kwa wengi: mambo ya nyumbani hayana cheo cha kutangulia. Hutangulia kampuni, hutangulia nchi, hutangulia kabila, ndipo mtu ajitokeze nyuma amejipangusa vumbi.

Wakaanza kuutafuta mwanzo. Mzee aliandika kwanza: “Mwaka wa 2003, baada ya utumishi mwaminifu wa miaka mingi, nilikuwa miongoni mwa walioondoka kazini kwa hiari.” Karani amerudi, akasema Mwalimu. Akaandika tena: “Nitasimulia siku ambayo sitaisahau kamwe maishani mwangu.” Hiyo ni ahadi isiyo na dhamana, kwani hakuna anayesimulia siku aliyoisahau. Mara ya tatu mzee alichoka, akamwaga kila kitu pamoja: fedha, gunia, mke, kitanda, sirene, giza, viatu vyenye chuma mbele. Sentensi ikawa ndefu kama treni ya Dilolo na msomaji hajui apandie behewa gani. Walipunguza, wakapunguza, hadi ikabaki hivi: “Kesho yake baada ya kulipwa ili nisirudi tena kazini, sirene ililia, nami nikatafuta viatu.”

Inafaa kuitazama sentensi hiyo kwa karibu. Fedha zimo lakini kiasi hakimo, kwa hiyo msomaji anakitaka. Sirene haikuelezwa: wa Kolwezi anaijua, na wa Mombasa ataielewa kwa kuona mtu anavyoamka. Neno lolote la huzuni halimo. Mzee alitaka kuandika kwamba moyo ulimuuma, Mwalimu akamwomba auache moyo, viatu vinatosha. Ile -ka- nayo inafanya kazi yake ya siku zote: kilio na kutafuta vimefuatana bila nafasi ya kuwaza katikati, mwili umetii kabla akili haijaamka. Chuma cha mbele ya viatu kiliondolewa kwa sababu hiyo hiyo. Mtu anayepapasa gizani hawezi kuwa anatazama vidole vya viatu.

Na kuzaliwa je? Hakukutupwa. Kulihamishiwa ukurasa wa nne, pale mzee anapofikiria arudi kijijini Sandoa na fedha zake au abaki mjini azile. Hapo teritwari na sekta zikapata kazi. Jina la kijiji, ambalo mwanzoni lilikuwa la kujazia fomu, likawa uamuzi ambao mume na mke waligombania.

Nyuma ya familia nyingi za ukanda huu kuna historia hiyo hiyo. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines, ile kampuni kubwa ya migodi, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mnamo Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini kwa chini wa Kamoto, hapa Kolwezi, ilianguka. Zikafuata fujo za kisiasa na mafukuzano ya miaka ya mwanzo ya 1990, na kufikia katikati ya muongo huo uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango wa kuachia kazi kwa hiari uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambaye amekusanya masimulizi ya familia za wafanyakazi kwa miaka mingi, mwaka 2001 alichapisha kitabu juu yao kwa Kifaransa na kukiita Bana Shaba abandonnés par leur père: watoto wa Shaba, jina la zamani la Katanga, walioachwa na baba yao. Baba ni kampuni. Kitabu ni cha kitaalamu, kina majedwali na marejeo, lakini jina lake lingeweza kufungua riwaya. Kuna familia, kuna aliyeondoka, kuna lawama, na hatujui bado kama atarudi. Mwalimu huandika jina hilo ubaoni bila maelezo, kisha hungoja mtu aulize. Daima kuna anayeuliza.

Katanga ina watangulizi wengine katika kazi hii ya kumbukumbu. Mwaka 1965 kundi la waliokuwa watumishi wa nyumba za Wazungu mjini Elisabethville, leo Lubumbashi, walitoa historia ya mji wao kwa Kiswahili chao wenyewe cha mtaani, kazi iliyobeba jina la André Yav. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha na kuichambua mwaka 1990. Ni maandishi ya watu waliosimama jikoni na barazani wakisikiliza, na hawakungoja ruhusa ya msahihishaji wala Kiswahili bora. Kisha kuna wachoraji. Katika miaka ya 1970 nyumba nyingi za mijini Katanga zilikuwa na picha ukutani sebuleni: wafungwa wakichapwa chini ya bendera ya Ubelgiji, au mamba muntu, yule mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki. Waliziita ukumbusho. Mgeni aliketi, akainua macho, akauliza, na mwenye nyumba akapata pa kuanzia. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947, alichora historia nzima ya nchi kwa picha zaidi ya mia moja, na alipokuwa akimwonyesha Fabian picha hizo mnamo 1973 na 1974 alizisimulia kwa Kiswahili, moja baada ya nyingine.

Mwalimu alikulia chini ya picha kama hizo. Anachokumbuka ni kwamba baba yake hakuieleza picha yao hata siku moja kabla ya kuulizwa.

Wanaodhani kwamba mwanzo mzuri lazima upige kelele hupelekwa kwanza kwa Tippu Tip. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa ambaye nguvu zake zilifika hadi Kasongo na Nyangwe kwenye mto Lualaba, aliandika maisha yake kwa Kiswahili uzeeni Zanzibar, na maandishi hayo yakachapishwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Hakuanza kwa ukoo. Hakuanza kwa Stanley wala kwa mfalme wa Ubelgiji, ingawa wote wawili wamo. Alianza akiwa na umri wa miaka 12, pale alipoanza kutoka safari za biashara, na bidhaa yenyewe ni sandarusi. Sentensi kavu ya mfanyabiashara. Lakini kila kitu cha mtu huyo kimo: ataondoka, atauza, hataulizwa mama alisema nini. Hisia hazimo mwanzoni na msomaji asizingoje baadaye. Kwa hilo Tippu Tip ni mkweli kuliko wengi wenye machozi.

Sasa mwekee Abdulrazak Gurnah pembeni. Riwaya yake Paradise ya mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis ameileta kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, nayo inafungua kwa mtoto anayeondoka nyumbani, naye yumo katika mwaka wake wa 12. Yusuf anachukuliwa na tajiri anayemwita ami, na baadaye atavuka ziwa na msafara kuelekea upande huu wetu wa Kongo. Kinachofichwa mwanzoni ni kwamba ametolewa rehani kwa deni la baba yake. Gurnah hamdanganyi msomaji. Anamwacha ajue kile tu anachokijua mtoto, naye mtoto hajui. Watoto wawili, umri unaokaribiana, safari moja ya kuelekea bara, na sentensi mbili za kwanza zinazotenganisha mwenye kuuza na mwenye kuuzwa. Mwalimu akifika hapa hunyamaza muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika, lakini hilo tumsamehe, alifundisha miaka mingi.

Yeye mwenyewe ana kumbukumbu moja ambayo kila mgeni humwomba. Jumamosi tarehe 13 Mei 1978, wapiganaji wa kundi la waasi la FNLC walioingia kutoka upande wa Angola waliishambulia na kuiteka Kolwezi. Tarehe 19 askari wa miavuli wa Legioni ya Ufaransa walishuka juu ya mji. Waliouawa ni Wazungu zaidi ya mia moja na Waafrika mamia, na majina ya hao wa pili hayakuandikwa kwa bidii ile ile. Katanga wanaviita vita vya siku sita, kuvitofautisha na vile vya siku themanini vya mwaka uliotangulia. Ulimwengu umezoea kuvianza angani. Filamu ya Kifaransa ya mwaka 1980 ina jina linalosema Legioni inaruka Kolwezi, na hata kabla taa hazijazimwa mtazamaji ameshajua nani atatenda na nani atatendewa. Mji ni mahali pa kutua.

Mwalimu wakati huo alikuwa msichana wa shule ya msingi. Hakujua FNLC ni nini. Sentensi yake ni hii: “Mama alizima mbabula kwa mchanga, na kwa siku sita hatukula kitu cha moto.” Mama aliogopa moshi wa jiko hilo la makaa usije ukaonekana. Walikoroga unga wa mahindi na maji baridi, watoto wakanywa chini ya kitanda. Tarehe zinakuja katika aya ya nne, Angola katika ya tano, Mobutu baadaye zaidi, kwa mpangilio ule ule zilivyomfikia yeye. Msomaji anayejua historia atakuwa ameshavitambua vita kwa zile siku sita. Asiyejua hajapoteza kitu, tayari ana njaa pamoja nao.

Kinachofanya sentensi hiyo isimame si mbabula peke yake. Jambo hili lilihitaji kusemwa wazi, maana baada ya Mwalimu kuisoma mbele ya wenzake, kwa muda kila karatasi iliyoletwa ilinuka moshi. Kila mtu akawa na mama, chungu na jiko. Kitu kidogo cha nyumbani nacho kinaweza kuwa jogoo wa alfajiri, kikawekwa pale kwa kuwa kimemfaa mwingine. Mbabula ya mwaka 1978 ina kazi kwa sababu imezimwa, na imezimwa na mtu mwenye hofu mahsusi.

Wapo pia wanaoweza kuanza kwa makubwa. Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1981 anayeishi Graz, Austria, aliifungua riwaya yake Tram 83 ya mwaka 2014 kwa mwangwi wa Injili ya Yohana, ila mahali pa Neno ameweka jiwe. Ni mwanzo wa kutisha kwa ukubwa, na unafaa, kwa sababu riwaya nzima inaendelea kwa sauti hiyo hiyo ya mahubiri yaliyolewa: stesheni, baa, wachimbaji, wanafunzi, wasichana, wote wakisema kwa pamoja. Mwandishi ameahidi ngurumo na akaleta mvua. Kijana mmoja wa Kolwezi aliyeisoma alirudi na karatasi iliyoanza kwa uumbaji wa kobalti na mbingu na nchi. Aya ya pili ilihusu ada ya shule.

Mwalimu hakuicheka. Alimwuliza ada ililipwaje. Kijana akasema aliilipa mwenyewe kwa gunia la mawe aliyochimba na ndugu yake wakati wa likizo. Gunia walilipima nyumbani kwa mizani ya jirani muuza mahindi, kisha mnunuzi akalipima tena kwa mizani yake. Hapo kijana akawa anaongea haraka, kwa Kiswahili cha kwao, njo hivi, njo vile, na mikono ikapanda. Sentensi aliyokwenda nayo nyumbani ilikuwa: “Ada ya muhula wa pili ilikuwa kilo 39 kwenye mizani ya jirani, na kilo 31 kwenye mizani ya mnunuzi.” Kobalti haikutajwa. Dunia haikutajwa. Kuna kilo 8 zinazotafutwa, na msomaji mwenye akili zake ataendelea kuzitafuta.

Takwimu kubwa zinangoja zamu yake. Kongo hutoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia na sehemu kubwa yake hutoka jimbo la Lualaba. Hilo ni kweli na litasemwa, lakini likisemwa kwanza linampeleka msomaji kwenye betri za magari ya watu wengine kabla hajamwona aliyeshika gunia. Kila ripoti ya nje imeshaanza hapo. Mwenyeji hana faida ya kuanza mahali ambapo mgeni amefika mapema zaidi na kamera nzuri zaidi.

Mvutano mkali kuliko yote miongoni mwa wanaomletea Mwalimu karatasi ulihusu neno moja, nao ulitoka Kasulo, mtaa wa Kolwezi. Mtaa huo ulianza kuchimbwa mwaka 2014, baada ya mtu mmoja kukuta madini alipokuwa akichimba katika lupango yake, yaani kiwanja chake. Muda si mrefu watu wakawa wanachimba uani, vyumbani, chini ya sebule, na mapango yakaungana chini ya nyumba za watu wengine. Mama mmoja aliyekuwa na nyumba huko, mwenye vyumba vya kupangisha, aliandika mwanzo ambao kila aliyeusikia aliinua kichwa: “Usiku ule tulisikia watu wakizungumza chini ya kitanda.”

Alipousoma kwa sauti, kaka yake aliyekuwepo alimkatiza. “Si chini ya kitanda, yaya. Ilikuwa jikoni.”

Mama akafikiri, akakiri kwamba ndiyo, sauti zilisikika jikoni, karibu na mtungi wa maji. Kitanda kilijiingiza alipokuwa akiandika. Wengi wakamsihi akiache. Jikoni, walisema, watu hukaa macho. Kitandani mtu amelala hana silaha, hofu inazidi, na umbali wenyewe si zaidi ya hatua chache, nani atapima? Kijana wa mizani alikuwa upande huo. Mwalimu pia, kwa mara moja, alitamani kitanda kishinde, na alisema hivyo waziwazi. Mama akakataa. Kaka yake angekisoma kitabu, na majirani wa Kasulo wangekisoma, na wakishaona kwamba mstari wa kwanza umehamisha sauti kutoka chumba kimoja hadi kingine, kwa nini waamini kina cha shimo kwenye ukurasa wa kumi?

Akafuta, akaandika: “Usiku ule tulisikia watu wakizungumza chini ya jiko.” Mstari ulipoa kidogo, kila mtu aliona. Lakini kwa kuwa sasa alikuwa amesimama jikoni kweli, pembeni ya mtungi wake, alikumbuka alichokisikia hasa, akaongeza sentensi ambayo mwingine yeyote asingeweza kumbunia: “Sauti moja niliitambua, ilikuwa ya mpangaji wangu.”

Mzee wa viatu, aliyekuwa amekaa nyuma siku hiyo bila kusema neno, akainua mkono.

“Na ile mwezi alilipa nyumba?”

Mama akaanza kujibu. Mwalimu akamwambia anyamaze aandike, hiyo ndiyo aya ya pili.